Mabawa ya Mbao ya Madirisha: Kupima, Kuchagua na Kuagiza



Mkulima anapofikisha mahindi yake ghalani, karani wa chama hayapokei kwa kuyatazama rangi tu. Huyapima unyevu, na yakizidi asilimia 13.5 humwambia mwenyewe arudi nayo akayaanike tena. Mkulima wa kahawa naye anafahamu kwamba kahawa ya maganda isiyokauka hadi kufikia karibu asilimia 12 itaota ukungu ingali katika magunia. Basi ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu huyo huyo, aliyekwisha kubishana na karani miaka mingi juu ya nusu asilimia ya unyevu, akienda kwa seremala kuagiza mabawa ya madirisha ya nyumba yake hasemi neno lolote juu ya ukavu wa mbao. Huuliza bei, huuliza nakshi, huuliza siku ya kuja kuchukua. Masika yakiingia, mabawa yanavimba na hayafungiki. Kiangazi kikija, yanasinyaa na kuacha nyufa ambazo mpita njia anaweza kuchungulia chumbani. Fundi huitwa akayapiga randa, na baada ya kupigwa randa mara mbili dirisha limekwisha kuwa dogo kuliko tundu lake.

Jambo hili linavihusu vyama vya ushirika, kwa sababu siku hizi fedha za kujengea aghalabu hutoka katika vyama vya akiba na mikopo. Mwanachama hukopa, hudhaminiwa na wenzake, kisha hulipa kidogo kidogo kwa miaka miwili au mitatu. Madirisha yakiharibika katika mwaka wa kwanza, mwanachama hubaki akilipia kitu kisichomfaa, na wadhamini wake hubaki na wasiwasi. Tena vyama vingi vina maseremala miongoni mwa wanachama wao wenyewe, au vina chama cha maseremala jirani. Kwa hiyo agizo lililofanywa vibaya huwaumiza wana-ushirika wa pande zote mbili, mwenye nyumba na mwenye randa.

Mabawa yanayozungumzwa hapa ni yale ya mbao yanayotiwa upande wa ndani wa dirisha na kufunguka kuelekea chumbani. Si kitu kipya katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, katika Lamu na katika mji wa kale wa Mombasa, nyumba za matumbawe na chokaa zina kuta nene, na dirisha huwa na vyuma au fito za mbao upande wa nje na mabawa upande wa ndani. Bawa likifunguliwa hulala katika unene wa ukuta, wala halimnyang'anyi mtu nafasi ya chumba. Madirisha mengine yamegawanywa sehemu mbili, ya juu na ya chini, kila sehemu na mabawa yake: ya chini hufungwa ili wenyeji wasionekane na wapitao kichochoroni, na ya juu huachwa wazi ili mwanga na upepo viingie. Maseremala wa zamani walilipatia jibu lake, kwa mbao nne na bawaba nane, jambo ambalo leo watu hulitafutia pazia, feni na taa ya mchana. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Mwenye nyumba katika Mji Mkongwe hana budi kupata kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, kabla hajabadili madirisha yake.

Nyumba za leo, za pwani na za bara, zimekuja kufanana na zile za kale kwa sababu nyingine. Karibu kila dirisha hutiwa nondo upande wa nje kwa ajili ya wezi, na wavu kwa ajili ya mbu. Dirisha la namna hiyo haliwezi kuwa na mabawa ya kufungulia nje bila taabu, kwa kuwa mwenye nyumba hulazimika kufungua wavu kila jioni na kupenyeza mkono kati ya nondo ili alivute bawa, na saa hiyo ya magharibi ndiyo saa mbu wanapotafuta njia ya kuingia. Bawa la ndani halina tatizo hilo. Nondo hukaa nje, wavu hufuata, na bawa huwa la mwisho karibu na mkono wa mwenyeji. Hufunguliwa na kufungwa bila wavu kuguswa. Hii ndiyo sababu kubwa ya kulichagua, nayo yatosha.

Si haki kulilaumu dirisha la alumini kwa kila jambo. Haliliwi na mchwa, halihitaji rangi, na likifungwa bado latoa mwanga. Lakini dirisha la vioo la kuteleza lenye vipande viwili, linalopendwa sana mijini, haliwezi kufunguka zaidi ya nusu ya tundu lake. Nusu nyingine daima imezibwa na kioo. Katika Tanga au Bagamoyo, mwezi wa Februari, nusu ya dirisha si kitu kidogo. Mabawa ya mbao hufungua tundu zima, na yakiwa ya luva hupitisha upepo hata yakiwa yamefungwa.

Nayo mabawa ya ndani yana upungufu wake, na mwanachama hana budi kuujua kabla hajatoa fedha. Mvua ya upepo hupita kati ya nondo na wavu na kulipiga bawa usoni, na maji husimama chini yake. Kwa hiyo kizingiti cha dirisha sharti kiwe na mteremko wa kuelekea nje, tena kitokeze kidogo mbele ya ukuta ili maji yadondoke yasitambae. Vilevile, penye kioo upande wa nje, bawa la ndani huzuia mwanga wa jua lakini halizuii joto lote, kwa kuwa joto limekwisha kuvuka kioo. Dirisha linalotazama magharibi lataka kivuli cha nje kwanza, cha ukingo wa paa, upenu au mti, na bawa liwe msaidizi tu.

Sasa kuhusu mbao zenyewe. Mti ukikatwa na kupasuliwa huendelea kutoa maji hadi unyevu wake upatane na hewa inayouzunguka, na baada ya hapo hunywa na kutoa kufuatana na majira. Ubao uliowekwa kivulini mahali penye joto la digrii 27 na unyevunyevu wa hewa wa karibu asilimia 78, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani, hatimaye hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 15. Penye hewa yenye unyevunyevu wa asilimia 60, ubao huo huo hutulia karibu na asilimia 11. Ndiyo kusema kwamba bawa lililoundwa vizuri kabisa Tanga, likipelekwa Dodoma, litasinyaa huko hata kama fundi hakukosea lolote. Fundi aambiwe mapema nyumba iko wapi.

Ubao haupungui urefu kwa kiasi cha kuonekana, hupungua upana. Ubao wenye upana wa sentimita 20 ukipungua sehemu 4 kati ya 100 umepoteza milimita 8. Bawa la mbao tatu za namna hiyo, lenye upana wa sentimita 60, limepoteza milimita 24, na hizo si za kufichwa kwa rangi. Hapo ndipo miti inapotofautiana. Mninga unasifiwa kuliko miti yote ya bara kwa kazi hii, na sifa hizo ni za haki: hupungua kidogo sana tangu ukiwa mbichi hadi kukauka, hautaabishi patasi, na kiini chake hakipendwi na wadudu. Msaji nao hutulia vizuri. Mvule na mkangazi ni mbao njema. Mkongo ni mgumu na wa kudumu sana, ila ni mzito. Misindano ni rahisi kupatikana na ni mwepesi, nayo yafaa kwa mabawa ya ndani ikiwa imekaushwa na kutiwa dawa ya wadudu, kwa sababu kwa asili yake haihimili mchwa wala bungua. Mikaratusi hujipinda na kupasuka inapokauka. Ni afadhali iachwe kwa nguzo na kuni.

Msaji unahitaji neno la ziada. Mashamba ya serikali ya Longuza, wilayani Muheza, na Mtibwa, mkoani Morogoro, yamekuwa yakitoa msaji kwa miaka mingi, na wakulima wengi wameupanda katika mashamba yao. Lakini msaji wa mkulima aghalabu hukatwa ukiwa mchanga, na mti mchanga una sehemu kubwa nyeupe kuzunguka kiini. Sehemu hiyo nyeupe haina uimara wa kiini. Mnunuzi asidanganyike na jina. Auone ubao, na akubali ule wenye rangi ya hudhurungi pande zote.

Kuhusu mninga, mkongo na mvule, hapana budi kusema wazi kwamba miti hii hukua polepole sana na imepungua katika misitu mingi. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inataka mbao za misitu ya asili zivunwe kwa leseni na zisafirishwe kwa hati. Chama kinachonunua mbao za bei rahisi usiku kwa mtu asiye na karatasi kinajiweka katika hatari ya kunyang'anywa mzigo njiani na maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu, na fedha za wanachama zikaenda na mzigo. Nakala za leseni, stakabadhi na hati ya kusafirishia zikae katika jalada la chama pamoja na agizo.

Zaidi ya hayo yote, msindano mkavu ni bora kuliko mninga mbichi. Maneno haya yatawaudhi wengine, lakini maseremala wenye uzoefu hawayapingi. Seremala mmoja mmoja hana uwezo wa kununua mbao leo na kuzifanyia kazi baada ya miezi sita. Hana mtaji wa kulala chini ya paa muda wote huo, na mteja amekwisha kumwambia anataka madirisha kabla ya sikukuu. Hununua mbao asubuhi sokoni, zingine bado zinatoa maji zikipigwa msumari, na jioni zimekuwa dirisha. Hapa ndipo chama kinapoweza kufanya jambo ambalo mtu mmoja hawezi. Chama kina ghala, kina mizani, na kina desturi ya kungoja zao likauke.

Namna ya kukausha haina siri. Mbao hupangwa chini ya paa lisilo na kuta, zikiwa zimeinuliwa kutoka ardhini kiasi cha sentimita 40, mahali upepo unapopita. Kati ya safu na safu huwekwa vijiti vikavu vyenye unene wa sentimita 2 na nusu, kila baada ya sentimita 50 hivi, na vijiti vya safu zote vilingane wima, kimoja juu ya kingine. Visipolingana, mbao hujifunza kupinda zingali ghalani. Ncha za mbao hupakwa rangi ili zisikauke upesi kuliko katikati na kupasuka. Mawe mazito huwekwa juu ya rundo. Jua kali lisizipige.

Ili kujua kama zimekauka, huchaguliwa mbao tatu au nne za mfano, zikatiwa alama, zikapimwa kwa mizani ya chama kila juma na uzito wake ukaandikwa. Uzito unapoacha kushuka kwa majuma kadhaa, mbao zimepatana na hewa ya mahali pale. Anayetaka hesabu kamili hukata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si nchani, akakipima, akakikausha katika joko la joto linalozidi kidogo digrii 100 hadi uzito usishuke tena. Tuseme kipande kilikuwa na gramu 460 na kimebaki na gramu 400: maji yaliyotoka ni gramu 60, na 60 ukizigawanya kwa 400 ni asilimia 15. Kwa nyumba ya pwani ubao huo uko tayari. Kwa nyumba ya Dodoma ungoje. Vipo pia vipimo vidogo vya umeme vya kuchomeka kwenye ubao, ambavyo chama kimoja kinaweza kununua na kuwaazima maseremala wake wote. Kile cha kupimia mahindi hakifai kwa kazi hii.

Jambo la pili ambalo huharibu maagizo ni vipimo. Mara nyingi mwenye nyumba humtumia fundi ujumbe kwa simu: madirisha sita, mita 1.2 kwa mita 1.2. Hakuna dirisha lililojengwa kwa mkono ambalo lina mita 1.2 kamili kila mahali. Fundi aje mwenyewe na futi kamba, pimamaji na timazi, baada ya kuta kupigwa lipu, wala si kabla. Upana upimwe mahali patatu, juu, katikati na chini. Na kimo vivyo hivyo, kushoto, katikati na kulia. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho kinachofuatwa. Chukua mfano wa fremu ambayo ndani yake ina sentimita 120.4 juu, 119.8 katikati na 120.1 chini. Hesabu huanza na 119.8. Hutolewa milimita 3 kwa kila upande wa bawaba na milimita 3 katikati ya mabawa mawili yanapokutana, jumla milimita 9. Hubaki sentimita 118.9, na kila bawa litakuwa na upana wa sentimita 59.45. Fundi anayekata mabawa mawili ya sentimita 60 kila moja kwa kuwa aliambiwa mita 1.2, atayapiga randa dirishani mbele ya mwenye nyumba, na kazi iliyopigwa randa dirishani haipendezi tena.

Kisha dirisha lipimwe kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa kukingamana. Vipimo viwili vikilingana, dirisha ni mraba wa haki. Katika dirisha la sentimita 120 kwa 120, tofauti ya sentimita 1 kati ya vipimo hivyo ina maana kwamba fremu imelala upande kiasi cha milimita 7. Tofauti kama hiyo si ya kulaumiana na mwashi. Hurekebishwa kwa kuiweka fremu sawa au kwa kuliunda bawa lifuate tundu, lakini sharti ijulikane kabla ubao haujakatwa.

Kipimo kinachosahauliwa kuliko vyote ni kile cha chumbani. Bawa lenye upana wa sentimita 60 linahitaji sentimita 60 za kuzungukia, na katika nafasi hiyo pengine pamewekwa kitanda, kabati au jiko. Dirisha lile lile likiundwa kwa mabawa 4 ya sentimita 30, yanayokunjana mawili mawili, huhitaji nusu ya nafasi hiyo. Bawaba huongezeka na gharama huongezeka, ila katika chumba kidogo cha watoto hapana njia nyingine yenye maana. Jikoni, bawa lisifungukie karibu na moto.

Umbo la bawa lifuate kazi ya chumba. Bawa la mbao zilizopangwa wima na kushikwa nyuma kwa mikanda miwili ndilo la bei nafuu, nalo lafaa kwa ghala, jiko na chumba cha nyuma. Kati ya mikanda huwekwa ubao wa mshazari, nao huanzia chini upande wa bawaba ukapanda juu upande wa komeo. Ukigeuzwa, haubebi kitu, na bawa huinama baada ya miezi michache. Kosa hili huonekana vijiji vyote, na ajabu ni kwamba kulirekebisha hakuna gharama hata senti moja. Bawa la fremu na paneli ni la heshima zaidi. Nguvu yake imo katika fremu iliyounganishwa kwa ulimi uliopita katika tundu lake, na paneli hukaa katika mfereji bila gundi, ikiachiwa nafasi ya kuvimba na kusinyaa. Paneli iliyogandishwa kwa gundi pande zote itapasuka, hata ikiwa ya mninga.

Bawa la luva ndilo linalotamaniwa zaidi, na ndilo linalotaka uangalifu zaidi. Katika kimo cha sentimita 100, vibao vikipangwa kila sentimita 5, bawa moja lina vibao 20. Dirisha la mabawa 4 lina vibao 80, kila kimoja kikatwe, kipigwe randa, kisuguliwe msasa na kuingizwa mahali pake kwa pembe iliyo sawa na ya wenzake. Hiyo ndiyo sababu ya bei yake, na fundi anayeitaja kwa bei ya bawa la mbao tupu aulizwe atafanyaje. Luva zisizogeuka ziteremke kuelekea nje, ili maji yakizipiga yarudi nje. Luva zinazogeuzwa kwa kijiti cha katikati huruhusu mwenyeji kuchagua mwanga na upepo kila saa. Lakini kibao chenye upana wa sentimita 6 kikilazwa hutokeza karibu sentimita 3 kila upande wa mhimili wake. Wavu ukiwa umepigiliwa karibu mno, vibao vitaugusa na kuutoboa. Nafasi kati ya wavu na bawa ipimwe na kuandikwa.

Kwa nyumba nyingi za wanachama, shauri jema ni kuchanganya: vyumba vya kulala na sebule vipewe luva katika sehemu ya juu na paneli katika sehemu ya chini, na madirisha ya nyuma yapewe mbao tupu. Nakshi ije mwisho, kama fedha ipo. Nyumba ambayo dirisha lake la mbele limechongwa maua na la chumbani halifungi haijamfaa mwenyewe.

Uzito nao ufikiriwe. Bawa zima la sentimita 60 kwa 120, lenye unene wa sentimita 2 na nusu, likiwa la mninga mkavu lina uzito wa karibu kilo 11 na nusu. Likiwa la mkongo hufikia karibu kilo 15. Bawa la namna hiyo lataka bawaba tatu, si mbili, na skurubu zinazoingia katika mbao ngumu ya fremu, wala si misumari. Karibu na bahari bawaba za chuma cha kawaida huliwa na chumvi. Za shaba au za chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini hununuliwa mara moja. Komeo liwe la kufunguka kwa mkono kutoka ndani. Kufuli lisitiwe katika bawa la chumba cha kulala, na katika kila nyumba dirisha moja la vyumba vya kulala liwe na nondo zinazofunguka kutoka ndani, kwa maana moto ukitokea usiku dirisha lenye nondo zisizofunguka huwa gereza.

Mafuta, vanishi au rangi ipakwe pande zote za bawa, mbele, nyuma, kingo na ncha, kabla bawaba hazijatiwa. Bawa lililopakwa uso mmoja hunywa unyevu kwa uso wa pili na kujikunja. Wanaotengeneza upya mabawa ya nyumba za zamani wakumbuke kwamba rangi za zamani huenda zina madini ya risasi. Zisisuguliwe kavu, bali zilowanishwe kwanza, watoto wawekwe mbali, na mabaki yafagiliwe na kutupwa mbali.

Yabaki mapatano. Agizo liandikwe katika karatasi mbili, moja ya mwenye nyumba na moja ya fundi, na nakala ikae kwa katibu wa chama ikiwa fedha ni ya mkopo. Liseme aina ya mbao, unyevu usiozidi kiasi fulani, unene wa fremu, vipimo vya kila dirisha peke yake na jina la chumba chake, aina na idadi ya bawaba, upande bawa linakofungukia, na nani atakayelitia dirishani. Mchoro mdogo wa mkono waondoa ugomvi mwingi kuliko maneno. Kwanza fundi atengeneze bawa moja, litiwe mahali pake na kujaribiwa, ndipo aendelee na mengine; hili peke yake lingaliokoa maagizo mengi.

Vyama vinavyojenga nyumba nyingi kwa wakati mmoja vinaweza kukubaliana vipimo viwili au vitatu vya madirisha kwa nyumba zote. Mbao zikanunuliwa pamoja mara baada ya mauzo ya zao, wakati fedha ipo, zikalala ghalani hadi zikauke, na maseremala wa chama wakazichukua kwa zamu. Mwenye nyumba bado atachagua luva au paneli, rangi au mafuta, lakini mbao chini ya rangi itakuwa imekwisha kungojewa. Gharama ya kungoja huingizwa katika bei kwa uwazi, mbele ya wanachama, wala isiachwe impate fundi peke yake.

Malipo yasitolewe yote mwanzoni. Sehemu ya kwanza itoshe kununua mbao na vyuma, kwa stakabadhi. Sehemu ya pili ilipwe siku mabawa yanapotiwa dirishani na kufunguka na kufunga kwa kidole kimoja. Na sehemu ndogo ya mwisho ishikwe na chama, wala si na mwenye nyumba, ili fundi naye awe na hakika ya kuipata. Masika yakipita, katibu, fundi na mwenye nyumba huzunguka pamoja chumba hadi chumba, wakajaribu kila bawa na kila komeo. Palipobana hupigwa randa na kupakwa mafuta siku hiyo hiyo, na fundi hutia sahihi na kupokea fedha yake iliyobaki.